Nilipofuta Tusi, Bomba Likafutika

6 Mei

Shikamoo Dada,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Tangu ulipoondoka ukaniachia kazi ya kumtafsiria Mama, sijawahi kutafsiri sentensi yake hata moja kama alivyoisema.

Usicheke. Najua umeshaanza kucheka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya Mama unaijua, kila akipiga anaweka spika, na jirani wa chini anaitikia salamu kabla yako. Jambo hili si la spika.

Hali ya nyumba uliiacha mbaya. Sasa izidishe. Asubuhi dirisha la chumbani halioneshi nje hata kidogo, limejaa umande kwa ndani, na matone yanafukuzana kwenye kioo mpaka kwenye kizingiti, kisha yanaangukia godoro. Mama amepanga matambara pale chini. Tunayakamua kwenye ndoo kabla hata ya kupiga mswaki. Nyuma ya kabati ukuta umetoka madoa meusi, utadhani mtu kanyunyiza pilipili manga, na tukiyasugua yanaondoka kwa heshima zote, halafu wiki inayofuata yanarudi na ndugu zao. Viatu vyangu vya shule vimeota manyoya ya kijani. Manyoya, Dada! Nilivaa hivyo hivyo, nikashinda nimeficha miguu chini ya dawati.

Na mdogo wetu, Bwana Mkubwa, kifua kinapiga filimbi. Akilala chali anakohoa mpaka macho yanamtoka machozi, kwa hiyo Mama anamuegemeza kwenye mito yote ya nyumba. Anakaa pale kama mgeni rasmi, analala ameketi. Miaka mitano tu, analala kama mzee aliyechoka kusubiri hotuba.

Mama amekasirika, na ana haki. Hasira ya Mama haiji peke yake, inakuja na mifano. Mwenye nyumba naye hataki simu. Alikuwa mwalimu mpaka alipostaafu, na anasema jambo la maana huandikwa. Anajua lugha moja tu, ile ya shule. Mama anajua ya nyumbani tu. Katikati niko mimi, mtu ambaye darasani akiulizwa jina lake anatazama dawati.

Basi Mama anarudi kutoka kwenye tanuri la mikate, unga bado kwenye nyusi, ananiketisha mezani, anatembea huku na huku anasema, mimi naandika. Na kalamu inagoma. Nitamwandikiaje mwanamke mwenye mvi maneno yale? Si Mama mwenyewe aliyetufundisha? Mtoto habebi maneno makali ya mkubwa mmoja akampelekea mkubwa mwenziwe. Ukitumwa na tusi, lidondoshe njiani. Alituambia hivyo tangu tukiwa tunatumwa chumvi kwa jirani. Leo ananituma na kapu zima la matusi na anataka yafike yote, hata moja lisivunjike.

Kwa hiyo nayadondosha. Majibu yakija, nadondosha tena wakati wa kurudi. Sasa Mama anaamini mwenye nyumba ni mpole asiye na haraka, na mwenye nyumba anaamini Mama ni mpole asiye na shida. Wanawake wawili wapole, na wote wawili nimewatunga mimi.

Nina hasira, Dada, na sijui niielekeze wapi. Kwa yule mwalimu? Kwa Mama, anayenipigia kelele kana kwamba mimi ndiye ukuta? Au kwako, uliyekwenda na mdomo wote wa nyumba hii ukaniachia mimi ulimi wa akiba?

Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Kobe

*

14 Mei

We Kobe,

Marahaba. Nilicheka mpaka msimamizi wa zamu akaja kuuliza kama pasi imeniunguza. Nilipofika kwenye kifua cha Bwana Mkubwa nikaacha.

Hebu nianze na mvuke. Mimi kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nashinda ndani ya mvuke nikinyoosha mashuka ya watu nisiowajua. Mimi nalipwa kukaa kwenye mvuke. Ninyi mnakaa kwenye mvuke na mnalipa nyinyi! Nani katupangia maisha haya?

Halafu usinitupie lawama. Ulirithi kazi yangu, hukurithi mdomo wangu, ndilo tatizo. Mimi nilipokuwa namtafsiria Mama nilikuwa naongeza. Unamkumbuka yule fundi wa kitasa? Mama alisema tu, "Mwambie mlango bado haufungi." Mimi nikamwambia, "Mama anauliza kama kazi hii uliisomea au uliiota." Mlango ulifunga siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukweli ni kwamba Mama hajawahi kutafsiriwa sawasawa na mtoto wake yeyote. Maskini Mama! Mmoja anamtia chumvi, mwingine anamuosha kwa maji mpaka hana ladha.

Lakini chumvi yangu ilifungisha mlango. Maji yako yamefanya nini, zaidi ya kuongeza maji?

Adabu ni nzuri. Ila adabu ni yako peke yako, na ukuta unawalowesha wote watatu. Mama alipotufundisha kudondosha matusi alikuwa anazungumzia ugomvi wa majirani waliokoseshana usingizi. Hakuwa anazungumzia nyumba inayomla mtoto kifua.

Niandikie. Nataka kuona alichosema Mama na ulichoandika wewe, kimoja juu ya kingine, bila kupunguza. Na huyo mwalimu anajibu nini? Nakujua. Umesema unadondosha na wakati wa kurudi, halafu ukaruka haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Sijamwambia Mama. Bado.

Dada yako,
mwenye mdomo

*

21 Mei

Dada,

Haya. Nakunakilia yote kwa lugha ya nyumbani, hata yale niliyoyaandika kwa lugha ya shule, maana kwenye ile ya shule naweza kujificha tena.

Mama alisema hivi, na nayakumbuka kwa sababu aliyasema huku akikamua tambara:

"Mwandikie. Mwambie nimesomewa barua yake na sikusikia samahani hata moja. Anasema tufungue madirisha. Tumeyafungua! Tumelala na makoti kama abiria waliokosa treni, na ukuta bado unatoka jasho. Eti tunapumua sana. Yeye kwake wanapumua kwa zamu? Mwambie nimetoa nusu ya mwili nje mwenyewe, wewe umenishika sketi, nimeona kwa macho yangu: bomba la maji ya mvua limekatika juu ya dirisha letu na maji yote ya paa yanaingia kwenye ukuta wetu. Kama haamini, aje aweke kitanda chake chini ya bomba hilo alale, na hicho kichwa chake kigumu pengine kitaziba ufa. Mwambie mwanangu si samaki. Umeandika? Andika samaki."

Nikasema, "Nimeandika, Mama."

Nilichoandika ni hiki:

"Mheshimiwa Mwalimu, Mama anakusalimu na anatumaini u mzima wa afya. Tunakushukuru kwa ushauri wako kuhusu madirisha, tumeufuata. Bado kuna unyevu kidogo chumbani, hasa asubuhi. Mtoto ana kikohozi kidogo. Tutaendelea kupangusa kioo. Mama anakutakia kila la heri."

Nimeisoma tena leo na nikaona aibu. Lile neno "kidogo" Mama hakulitamka popote. Nililileta mimi, kutoka kwangu, kama mtu anayekwenda msibani na leso yake.

Mwalimu akajibu. Mama alikuwa anakatakata vitunguu, akaniambia, "Soma." Nikasoma: "Anakushukuru, anasema atalifikiria." Mama akasema, "Barua yenyewe ndefu hivyo, na maneno ndiyo hayo tu?" Nikasema lugha ile ina maneno marefu.

Hiki ndicho alichoandika hasa:

"Nimefurahi kuona umeelewa. Unyevu ni matokeo ya tabia za watu, kuta hazina kosa. Nimewahi kuwa na wapangaji wa aina yenu. Huchemsha kila kitu, hufua kila siku, hujazana chumbani, kisha hushangaa kioo kikitoa machozi. Usitie shaka, usafi hufundishika hata ukubwani."

Usafi, Dada! Anamwambia Mama! Mama aliyesugua kile kizingiti mpaka rangi imetoka ukaonekana ubao! Na "aina yenu" ni aina gani? Aina ya watu wanaokula chakula kilichochemshwa? Yeye anatafuna mchele mbichi? Nilijifungia bafuni na barua ile nikaisoma mpaka ikalowa, na usidhani ni machozi, ni nyumba tu. Kila kitu humu kinalowa, hata hasira.

Nilitaka kumkinga Mama. Kwamba asijue ameitwa hivyo, basi. Ila namwona anavyomuombea yule mwanamke. Jumapili alisema, "Yule mwalimu angalau ana ulimi wa kistaarabu." Nikameza chai ikapita njia mbaya.

Kobe

*

28 Mei

Kobe,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, mashuka yakiningoja. Nitakupigia kelele kuhusu "aina yenu" baadaye, na nitampigia yeye pia. Kwanza nijibu swali moja.

Bomba liko wapi?

Kwenye maneno ya Mama nimeliona. Bomba limekatika, juu ya dirisha letu, maji yote ya paa. Mama katoa mwili nje ghorofa ya pili akalitafuta! Kwenye barua yako nimelitafuta juu, chini, pembeni, mpaka nyuma ya karatasi. Halipo. Kuna salamu, kuna afya, kuna kupangusa kioo.

Ulikuwa unafuta kitanda na kichwa kigumu, sivyo? Na bomba lilikuwa katikati yao, katika sentensi ile ile. Umefuta tusi na bomba likafutika nalo. Mdogo wangu, tusi lilikuwa gunia tu. Mzigo ulikuwa ndani yake.

Yule mwanamke hajui kama kuna bomba. Ana ubaya wake, na nitakuwa wa kwanza kumwambia, lakini hili hajui. Anadhani mna tatizo la kupumua.

Mwandikie leo. Usingoje Mama akukalishe mezani.

Dada

*

2 Juni

Kwa mama mpangaji, ghorofa ya pili

Mama,

Nakujulisha kwamba mafundi wataanza kazi kwenye ukuta wa nje wa jengo. Siwezi kuwalipa kwa pande zote kwa mara moja, hivyo nimepanga kazi kwa kufuata barua za wapangaji. Waliotaja nyufa, mapaa na mabomba watatengenezewa kabla ya mvua kubwa.

Katika barua zako hukuwahi kutaja kasoro yoyote ya jengo, na nakushukuru kwa uungwana huo. Upande wako utasubiri mwaka ujao.

Naomba niseme kwamba barua zako ni fupi, safi na zenye heshima. Laiti wapangaji wote wangekuwa kama wewe.

Mwenye nyumba

*

4 Juni

Dada,

Barua yako na ya mwalimu zilifika mkono mmoja. Mzee wa Funguo, yule mlinzi wa jengo, alinipa zote mbili ngazini akasema, "Leo una bahati, binti." Bahati!

Nimeona bomba. Nimeona kwamba halipo. Nilihisi kama mtu aliyetembea barabara nzima akidhani amebeba ndoo, kumbe kabeba mpini.

Nilipanga kumwambia Mama siku hiyo hiyo. Lakini Mama alirudi mapema, amembeba Bwana Mkubwa mgongoni. Alikuwa amempeleka zahanati. Muuguzi amesema mtoto asilale tena kwenye chumba kile, akiendelea kulala pale kifua kitakuwa cha kudumu. Tuna chumba gani kingine? Jikoni pia kuna umande siku hizi.

Mama ameamua. Bwana Mkubwa anakwenda kwa Bibi, basi la Jumamosi ya wiki ijayo. Hakupaza sauti, Dada, na hilo ndilo lililonitisha. Hakumtaja mtu, hakutoa mfano hata mmoja. Alifungua kabati akaanza kutoa nguo zake ndogo, anainusa moja, anaitundika tena kwenye kiti, anainusa nyingine. Zote zina ile harufu. Akasema, "Sitampelekea mama yangu mtoto anayenuka ukungu."

Nikamuuliza atakaa huko mpaka lini. Akasema, "Mpaka ukuta ukauke." Kisha akacheka kidogo, kwa pua tu.

Bwana Mkubwa aliuliza kama dirisha la Bibi linachoreka. Hapa kila asubuhi anachora gari kwenye umande kwa kidole. Mama akamwambia la Bibi ni kavu. Akalia. Analilia dirisha linalomuua! Nikatoka nikaenda kusimama ngazini.

Mama alipita nyuma yangu na ndoo akasema, "Yule mwalimu ni mpole, sikatai. Lakini awe mpole asiyefanya kitu au mkali, kwa wote wawili mtoto wako anakohoa."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema, "Funga mdomo, baridi itaingia."

Kobe

*

5 Juni

Mheshimiwa Mwalimu,

Anayekuandikia ni binti wa ghorofa ya pili. Mama yangu hajui kama nakuandikia.

Barua zote ulizozisifu kwa ufupi na heshima nilizitunga mimi. Mama hajawahi kukuandikia. Yeye husema, nami huandika kile tu ninachothubutu kuandika. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Mama alisema kwamba kwenye barua yako hakusikia samahani hata moja, kwamba tulifungua madirisha kama ulivyotuagiza, tukalala na makoti kama abiria waliokosa treni, na ukuta bado ukatoka jasho. Aliuliza kama nyumbani kwako mnapumua kwa zamu. Alisema amechungulia nje na kuona bomba la maji ya mvua limekatika juu ya dirisha letu, na maji yote ya paa yanaingia kwenye ukuta wetu. Alisema kama huamini, uje uweke kitanda chako chini ya bomba hilo ulale, na kichwa chako kigumu pengine kitaziba ufa. Alisema mwanawe si samaki.

Nimeyaandika yote. Lile la kichwa niliandika nikalikata, nikaliandika tena.

Alisema haya kabla hujapanga mafundi. Kama ningeyaandika siku ile, upande wetu ungekuwa wa kwanza. Sasa mdogo wangu anaondoka nyumbani Jumamosi ya wiki ijayo kwa sababu muuguzi amekataza alale chumbani kwake. Hilo ni kosa langu.

Linalofuata ni langu mwenyewe, Mama hahusiki nalo. Uliandika kwamba usafi hufundishika hata ukubwani. Uliandika kuhusu watu wa aina yetu. Mama huamka kabla ya jua kwenda kuoka mikate ambayo huenda hata wewe unaila, na akirudi anapangusa ukuta wako. Wako, Mwalimu. Sisi tumeupanga tu, na tumeupangusa zaidi ya mwenyewe. Kama kioo kinalia, kinalia kwa maji ya paa lako. Umefundisha watoto maisha yako yote. Sijui kama kuna aliyewahi kukwambia kwamba swali linaulizwa kwanza, ndipo jibu linatolewa. Wewe ulijibu bila kuja kutazama.

Mama hajasikia sentensi ile ya usafi. Nilimficha. Ningependa uje uiseme mbele yake. Nitatafsiri.

Binti wa mpangaji wako

*

10 Juni

Binti,

Nimewahi kupokea barua nyingi za kuomba radhi nikiwa kazini. Hakuna hata moja iliyonitukana mara nyingi kama yako.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Kisha nikamtuma mlinzi apande juu akatazame. Bomba limekatika kama mama yako alivyosema, na ufa unaingia mkono. Mlinzi anasema alikuwa anaona maji yakishuka pale tangu mvua zilizopita, ila hakuna aliyemuuliza. Nimemwambia nitazungumza naye.

Fundi atakuja kwenu Alhamisi. Usinishukuru. Jengo ni langu, na ningepaswa kuja mwenyewe mapema.

Kuhusu sentensi ile, niliiandika, sikanushi. Nilimwandikia mtu niliyedhani ananikubalia. Ukikubaliwa kwa muda mrefu unazoea, unaanza kusema hata ambayo hukuyafikiri. Hilo si udhuru. Nakueleza tu lilivyotokea.

Nitakuja na fundi. Nitasema ninachopaswa kusema kwa mama yako, na yeye atasema chake, na wewe utatafsiri vyote viwili kwa ukamilifu. Lakini kuna sharti. Umsomee kwanza barua yangu ile, yote, kabla sijafika. Sitaki kuketi kwenye kiti cha mtu ambaye hajui nilimwita nini.

Mwambie pia kwamba kichwa changu si kigumu. Kina mvi tu.

Mwenye nyumba

*

11 Juni

Dada,

Soma hizi nakala mbili, yangu kwake na yake kwangu, halafu rudi hapa.

Umerudi? Mimi nimeisoma ya kwake nikiwa nimesimama, nimeketi, na nimejiegemeza kwenye mito ya Bwana Mkubwa. Kwanza nilifurahi mpaka nikaruka. Halafu nikafika kwenye sharti.

Kumwandikia mwalimu kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Hayupo hapa. Sioni uso wake. Lakini kumsomea Mama kwamba ameitwa mchafu, na kwamba nilikuwa najua, na kwamba alipokuwa anamsifu yule mwanamke kwa ulimi wake wa kistaarabu mimi nilikuwa nimekaa pale pale namkamulia tambara... Dada, heri nipande juu nikashike bomba kwa mikono mpaka Alhamisi.

Nimefikiria kukuomba umwambie wewe kwenye simu. Nimefikiria kumsomea nusu. Nimefikiria kutafuta neno jingine mahali pa "usafi", na neno lilikuja lenyewe, laini, mbio mbio, likasimama mlangoni kama mtoto anayetumwa. Nikalifukuza. Hivi ndivyo ilivyoanza.

Tena ana haki ya kukasirika. Hiyo nilimnyima pia. Nilimpa mwanamke mpole wa kumuombea dua, wakati alistahili adui wa kumkasirikia sawasawa. Pengine ile hasira ndiyo ingemfikisha mwenyewe mlangoni kwa mwalimu, lugha au bila lugha, akamshika mkono akamleta hapa akamwonesha bomba kwa kidole. Kidole kinahitaji mtafsiri gani?

Ukuta hata ukizibwa Alhamisi hautakauka ifikapo Jumamosi. Bwana Mkubwa ataondoka, hilo limeshapita. Lakini Mama amepanga nguo zake zote, hata za kumzidi, zile za kuvaa akikua. Anapanga kama mtu anayempeleka mtoto moja kwa moja. Hajui kama kuna fundi anayekuja. Akijua, atapanga za wiki chache. Nimelitazama begi lile tangu nitoke shule, na ndilo linaloniketisha hapa mezani.

Barua zote nimeziweka mezani. Ile ya "aina yenu" iko juu, bado ina alama ya maji pembeni. Zako pia ziko hapa, atajua kwamba ulijua, jiandae kwa spika.

Nasikia mlango wa chini. Ni yeye, namjua kwa jinsi anavyosimama kwenye kona ya ngazi kubadilisha mkono wa kubebea mfuko. Mkono wangu wa kushoto umeshatoka wenyewe kwenda kuzifunika karatasi kwa daftari la hesabu. Nimeurudisha, nimeukalia. Naandika na wa kulia.

Anapanda. Anamsemesha jirani. Anacheka jambo fulani, Dada, siku zote hizi hajacheka hivyo, na mimi ndiye nitakayemzima.

Amefika mlangoni, anatafuta funguo. Nitaanza na ile ya usafi.

Kobe